Koti la Bwana Harusi

Ng'ombe hazeeki maini. Wapima ardhi wastaafu walilisema hilo tangu asubuhi mpaka likachuja. Walilisema wakichemsha chai, wakalisema wakikaza kamba za mahema, na wakalirudia tena bibi harusi alipotoka hemani na taulo begani, miaka yake sitini na mitatu. Walipocheka, naye alicheka. Alikuwa amejifunza kucheka kwa kufuata wenzake, kama mtu asiyejua wimbo anavyodakia kibwagizo.

Alikuwa fundi cherehani, na mji mzima ulimwita Fundi. Alikuwa amekaa miaka thelathini na tano katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, chaki mfukoni na tepu shingoni. Mumewe wa kwanza alikuwa mgawa barua wa posta. Alifariki miaka sita iliyopita, siku ya Jumanne, kabla chai haijapoa. Siku ya mazishi Fundi hakulia. Watu walimwangalia usoni wakangoja, wakachoka kungoja. Wenye midomo walisema ana moyo wa jiwe. Wenye huruma walisema anajikaza kisabuni. Wote walikosea. Hakuwa akijikaza, hakusikia kitu. Ganzi ya mguu huisha kwa kuchomachoma, lakini hii yake ilikaa tu mwaka baada ya mwaka, naye akaendelea kushona.

Ndipo akaja Twiga. Hilo ndilo jina walilompa wenzake kazini, na ukimwona huulizi kwa nini. Alileta suruali ya kurefushwa, kwa kuwa suruali za dukani zilimwishia juu ya vifundo. Wiki iliyofuata akaleta ya pili, kisha ya tatu. Ya nne Fundi aliigeuza huku na huku asione kasoro.

"Hii ina nini?"

"Haina kitu," Twiga alijibu. "Nimeishiwa suruali mbovu."

Alikuwa hajawahi kuoa. Maisha yake yalipita kwenye mahema, akipima mashamba ya watu wengine. Fundi alimkubali kwa sababu alikuwa mwema, na kwa sababu chumba kile kilikuwa na nafuu alipokuwa ameketi ndani yake. Mapenzi aliyatafuta moyoni mwake asiyapate. Hakupata hata kinyume chake. Jambo hilo alikuwa hajamwambia mtu, na sasa lilikuwa limefika shingoni: leo saa tano angeulizwa mbele ya watu kama anaolewa kwa hiari yake, naye hakujua kama ndani mwake kulikuwa na mtu wa kujibu.

Kila mwaka Twiga na wenzake wanne walipiga kambi wiki nzima kando ya mto, mahali walipoanzia kazi wakiwa vijana. Safari hii alikuwa ameomba harusi ifanyike hukohuko, na wazee wale walilipokea jambo hilo kama kazi ya serikali. Walikuwa wamepima uwanja wa harusi kwa vigingi na kamba, pembe nne za mraba, wakabishana nusu saa nzima juu ya inchi mbili. Mkubwa wa ubishi, mwenye kofia ya majani, alikuwa amemfuata Fundi kumwapia kwamba hatakanyaga ardhi iliyopinda.

Koti la bwana harusi alilishona Fundi mwenyewe, likiwa zawadi. Twiga hakuwa amelijaribu. Mteja wa Fundi hajaribu nguo: anapimwa mara moja, siku ikifika anavaa anaondoka. Ndiyo iliyokuwa fahari yake, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Twiga akatoka hemani akiwa amelivaa.

Mikono ya koti ilikoma shubiri nzima kabla ya viganja. Mabega yalimwagika nje ya mabega yake. Kifuani mngeingia mtu wa pili, na upindo wa chini ulimfika kiunoni. Mwenye kofia ya majani akashindwa kujizuia.

"Shemeji, kitambaa kilikwisha, au mapenzi ndiyo yalizidi?"

Wakaangua kicheko. Fundi hakuwafuata. Alikuwa akisoma koti. Bega inchi ishirini. Mkono inchi ishirini na mbili. Kiuno arobaini na nne. Kila mshono ulikuwa umenyooka, bitana imelala vizuri, vifungo viko mahali pake. Lilikuwa koti zuri sana. Binti yake, muuguzi, aliyekuja kuwa shahidi, alisogea mpaka ubavuni pake.

"Mama," alinong'ona. "Umemshonea baba."

Karatasi ya vipimo vya Twiga ilikuwa ukutani siku zote, mbele ya macho yake. Hakuitazama. Kwa miaka mingi alikuwa akimshonea mgawa barua koti jipya kila mwaka, na alipokiweka kitambaa mezani, mkasi ulipita ulikozoea. Mazoea yana taabu. Alijua ni aibu, na alijua mwanamke mwingine angeshika kichwa. Yeye aliona tu jua limepanda na msajili wa ndoa yuko karibu.

Akamshika Twiga mkono akamrudisha hemani.

"Livue. Vaa shati peke yake."

"Ngoja kwanza." Twiga alikuwa amejiinamia akijikagua, kwa makini yaleyale ya kazini. "Mgawa barua alikuwa mfupi, sivyo? Angenifika hapa." Akagusa kifua chake. "Na bega la kushoto umelishusha."

"Alibeba mkoba wa barua upande huo."

"Ahaa." Alipapasa bega lile. "Habari zake nimezisikia kwa watu wote isipokuwa kwako. Leo ndiyo tumekutana."

"Sikukusudia."

"Najua."

Fundi aliketi kwenye kitanda cha turubai. "Twiga, nikwambie kitu. Mimi sisikii chochote. Siku ile sikusikia, na leo sisikii. Ukiniuliza kama nakupenda nitakujibu vizuri, lakini nitakuwa nimekariri tu."

Hilo lilimwuma Twiga, na hakujua kuficha. Alikaa chini naye, koti likampanda mpaka masikioni.

"Nimpigie simu msajili arudi? Bado yuko njiani."

Hakuwa akimtega. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Sijui," alisema Fundi.

"Basi twende tukasimame. Likikushinda, wewe nyamaza. Mimi nitasema tumeahirisha. Hakuna atakayekusuta nikiwa hapo."

"Na koti?"

"Silivui. Ndilo ulilonishonea."

Msajili alifika na viatu vya ofisini, tope mpaka kwenye visigino. Alikuwa mama mfupi mwenye haraka na adabu. Aliweka fomu zake juu ya meza ya kukunja, akazikandamiza na jiwe upepo usizichukue, akawasimamisha ndani ya mraba wa kamba. Alianza na bwana harusi.

"Mzee, umewahi kuoa?"

"Kazi iliniwahi."

Watu wakacheka. Msajili akaandika, akageuka.

"Mama, hali yako kabla ya ndoa hii?"

"Mjane."

"Ndoa ya kwanza ilikomaje?"

"Ametangulia."

Msajili aliinua kalamu. "Pole sana, mama. Ila fomu inataka sababu. Talaka au kifo."

"Ametutoka."

"Nakuelewa. Lakini nikiandika hivyo wataturudishia karatasi. Ni talaka, au ni kifo?"

Fundi alinyamaza. Twiga alikuwa ameshaanza kufungua mdomo aahirishe, kama alivyoahidi. Mbele ya macho ya Fundi palikuwa na bega lile la kushoto lililoshuka, na kifua kipana kisichokuwa na mtu wake. Kwa miaka sita alikuwa amesema ametangulia, ametutoka, amepumzika, hatunaye. Kuna neno moja alilokuwa hajalitamka. Hakuna aliyewahi kumlazimisha, maana watu wana adabu zao, na yeye alizitumia adabu hizo kama pazia.

"Amekufa," alisema. Halafu akasema tena, kwa sauti, kama anayemjulisha mtu aliye chumba cha pili. "Mume wangu amekufa."

"Kifo," alisema msajili, akaandika. "Na ndoa hii unaingia kwa hiari yako?"

Swali hilo lilikuwa jepesi kuliko lile la kwanza.

"Ndiyo."

Nyuma ya ndiyo hiyo kikatoka kitu kingine. Binti mtu hakuitambua sauti ile, maana hakuwa amewahi kuisikia kwa mama yake. Fundi alilishika koti kwa mikono miwili, akaliegemea na uso wote, akalia. Alilia vibaya, kwa makamasi na kwikwi, kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi. Alimwita mgawa barua kwa jina, lakini mdomo ulikuwa umezama kwenye kitambaa na waliokuwa mbali hawakusikia.

"Hiyo ndiyo furaha!" alipaza sauti mwenye kofia ya majani, na wazee wakapiga makofi. Msajili naye akapiga. Binti hakupiga.

Twiga alijua ni nani anayeliliwa, na hakusogea.