Aliyekuja Kusema Libomolewe

Kanisa la Mtakatifu Aldhelm, pale Thornton Heath, liliungua Jumanne moja asubuhi, mwanzoni mwa mwaka 2003. Nyaya kuukuu za umeme zilishika moto darini, na wazimamoto walipofika paa lilikuwa limeshaporomokea ndani. Thérèse alikuwa anatoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliposhuka basi alikuta barabara imefungwa, watu wamejaa pembeni, na moshi mweusi unatoka mle alimozoea kuona vioo vya rangi. Akaketi ukingoni mwa barabara na sare yake ya kazi, akasema polepole, "Séraphin, umeungua mara ya pili."

Séraphin alikuwa mumewe, mwalimu wa shule kule Uvira. Vita vilipowafikia mwaka 1998, nyumba yao ilichomwa naye akiwa ndani. Thérèse aliponea shambani, mtoto wao Plamedie akiwa mgongoni. Hakuona maiti wala kaburi. Miezi ikapita njiani na kambini, hadi akatua London, mji ambamo hakumjua mtu hata mmoja.

Aliyemsikiliza kwanza alikuwa Padri Albert, Mwingereza mrefu mwenye mabega yaliyoinama na Kifaransa cha kuungaunga. Thérèse alipomweleza kwamba mume wake hajaombewa, Padri hakusema tutaona. Wiki ile ile alimfanyia Séraphin ibada ya maziko bila jeneza. Akawasha mshumaa chini ya nguzo ya ukuta wa kaskazini, na vibibi vya parokia vikaja na kofia zao za sufu kumlilia mtu wasiyemfahamu. Wakaimba nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho. Kisha wakamketisha Thérèse kwenye chumba cha nyuma, wakampa chai ya maziwa na keki, mmoja wao akambeba Plamedie hadi akalala. Tangu siku ile Thérèse alipotaka kuzungumza na mumewe alikwenda kwenye ile nguzo. Wakongo wengine walipoongezeka mtaani, Padri aliwapa kanisa Jumapili mchana, nao wakaanzisha kwaya yao ya Kiswahili.

Baada ya moto zikabaki kuta nyeusi na mnara uliopasuka juu. Wadhamini wa kanisa walitangaza kwamba kulikarabati ni kazi isiyowezekana, heri libomolewe na pajengwe maghorofa. Padri Albert alikataa. Alisema kanisa lile limesimama zaidi ya miaka mia, limevuka vita vikuu viwili, na moto wa asubuhi moja si sababu ya kulizika. Wakristo wake wakasimama naye, vibibi na Wakongo, wakawa wanakusanya saini nje ya stesheni, mvua ikinyesha wasife moyo.

Thérèse naye akaenda kuomba saini dukani kwa Praful.

Duka hilo lilitazamana na kanisa. Praful alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, na dukani kwake ulipata unga wa mahindi, dagaa na mafuta ya mawese. Yeye na Thérèse walipenda kutaniana, kila mmoja akikicheka Kiswahili cha mwenzake. Siku hiyo Praful hakucheka.

"Mama Plamedie, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini juzi kigae kilianguka kutoka kule juu mnarani kikapita hapa, karibu na bega la Dipti. Mke wangu! Kidogo tu kingempasua kichwa. Wateja wanaukwepa mtaa huu kwa hofu. Mimi nataka libomolewe, na nitakwenda kuwaambia hivyo halmashauri."

"Papa Praful, ile ni nyumba ya Mungu."

"Hata nyumba ya Mungu ikianguka, inaua."

Thérèse akatoka bila kununua kitu. Kwa miezi kadhaa akawa anapanda basi hadi Tooting kutafuta unga, na akirudi na mfuko mzito anapita mbele ya duka la Praful akitazama mbele. Ilikuwa hasira ya mtu aliyejua kuwa mwenzake hajasema uongo, na hasira ya namna hiyo haipoi haraka.

Mwezi wa kumi na moja kamati ya halmashauri ikaitisha mkutano wa kusikiliza pande zote. Padri Albert alimwomba Thérèse aseme. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha kula, kumeza dawa na kugeuka ubavu, kwa hiyo aliahidiwa mkalimani. Walipofika ukumbini wakaambiwa mkalimani ameugua ghafla. Wenzake wa kwaya waliokijua Kiingereza walikuwa zamu kazini, na Kifaransa cha Padri hakikutosha. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya mnyororo, akasema kwa upole kwamba asisikitike, watamruka waende kwa mwingine.

Thérèse alitazama huku na huku. Mstari wa pili, katika suti ya kahawia, alikaa Praful akisubiri zamu yake. Akamfuata.

"Papa Praful, niko nakuomba unisemee."

Praful alishtuka. "Mama Plamedie, unajua nimekuja kusema nini hapa?"

"Najua. Sema ile yangu kwanza. Kisha utasema ile yako."

"Na utaniamini vipi?"

"Umenipimia unga miaka yote. Sijakuta umenipunja."

Praful alifunga kifungo cha koti, akasimama naye mbele ya kamati.

Thérèse akaanza. Alieleza Uvira, nyumba, moto. Alisema sentensi, akanyamaza, Praful akaisema kwa Kiingereza. Wakalimani wa halmashauri huwa wanasema "mama huyu anasema hivi", lakini Praful hakujua desturi hiyo. Alisema kama alivyosikia: mimi, mume wangu, mtoto wangu. Thérèse aliyajua maneno hayo machache ya Kiingereza, na alipoyasikia yakitoka kinywani mwa mwanamume yule mwenye mvi, alihisi kama mtu amemshika mkono upande wa pili wa mzigo.

"Sina kaburi la mume wangu," akasema. "Nina nguzo. Mzungu mwenye hili kanisa alinipa hiyo nguzo siku nilipokuwa sina kitu. Sikuja hapa kugombana. Nimekuja kusema aksanti, na huwezi kumwambia mtu aksanti huku unaacha nyumba yake ivunjwe."

Praful akaanza kutafsiri. Akafika kwenye "sina kaburi" akasimama. Baadaye ndipo Thérèse alipojua kwamba babake Praful alizikwa ugenini kwa haraka, na mwanawe hakuwahi kufika. Wakati ule aliona tu macho ya mtu yakijaa machozi. Akamgusa kiwiko, akamwambia chini chini, "Pole pole, papa. Hakuna mbio." Praful akamaliza neno kwa neno.

Kisha zamu yake ikafika. Hakurudi kwenye kiti.

"Nilikuja kusema libomolewe," aliwaambia. "Kigae kimekosakosa kumuua mke wangu, na hilo silirudishi nyuma. Lakini sasa nasema hivi: kama kuna njia ya kulitengeneza, litengenezwe, na litengenezwe haraka. Na kama hakuna, mtuonyeshe kwa ushahidi kwamba hakuna, kabla hamjaleta tingatinga."

Kamati ikaahirisha uamuzi, ikaagiza mhandisi wa majengo ya kale. Mhandisi akakuta kuta ni nzima kuliko ilivyodhaniwa, ila ncha ya mnara lazima iteremshwe. Ubomoaji ukakataliwa. Mnara ukapunguzwa, na wako waliolia kuuona umebaki kibutu, lakini vigae havikuanguka tena. Kazi ilichukua miaka, paa jipya likangojewa kama mvua ya masika. Vibibi wawili wa zile kofia za sufu hawakuishi kuliona.

Kesho yake baada ya ule mkutano, Thérèse aliingia dukani. Praful alikuwa anapanga makopo.

"Unga wa Tooting haunaga ladha," akasema Thérèse.

"Niliuona ule mfuko," Praful akajibu. "Kila wiki. Dipti alitaka nikupokee mzigo, nikaogopa utanipiga nao."

Wakacheka mpaka Dipti akatoka stoo kuuliza kuna nini.

Kanisa lilifunguliwa majira ya kiangazi, mwaka 2007. Lilinuka mbao mpya na chokaa. Padri Albert, aliyekuwa amestaafu, aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, na Wakongo wakampigia vigelegele hadi akaziba masikio akicheka. Praful na Dipti walifika mlangoni wakavua viatu kama wanavyofanya hekaluni. Mtu akawaambia si lazima.

"Waache," alisema Thérèse. Naye akainama, akavua vyake, akaviweka kando ya vyao. Plamedie akaguna kwa Kiingereza kwamba mama yake anamwaibisha, kisha akavua vya kwake pia.

Wakaingia pamoja. Sakafu ya mawe ilikuwa ya baridi, safi. Kwaya ilikuwa imeshaanza, na Thérèse alikaza mwendo, kwa sababu sauti ya kwanza ilikuwa yake na bila yeye wangeimba chini mno.