Gari Lisilolia

Gizani, kabla hapajapambazuka, nilisikia komeo la mlango wa uani likifunguliwa taratibu. Ni mwanangu Chiriku, anakwenda kumuaga baba yake. Nilimfundisha mwenyewe: gari likilia pii, pii, linarudi nyuma, kimbilia ukutani. Lakini hili la baba yake lilikuwa jipya. Vifaa vimeadimika kiwandani, muuzaji alisema, kwa hiyo limekuja bila kengele ya kurudi nyuma.

"Kwani unataka gari au kinanda?" mume wangu alinitania siku ile ya kulinunua, nilipolalamika.

Injini ikawaka. Magurudumu yakaanza kusaga changarawe. Nikatoka mbio, miguu mitupu.

"Baba Chiriku, simama!"

Gari likasimama ghafla. Mwanangu alikuwa nyuma yake, kiganja juu ya bampa, akinishangaa.

"Mama, gari bado halijalia."