Mwenyeji wa Nyumba ya Maonyesho

Saa tatu asubuhi Asabe alikuwa ameshagawa chupa za maji, ameshawavisha wageni kofia za kampuni, na ameshamwomba mzee mmoja mnene akae katikati ili kigari kisiegemee upande. Wageni walitoka Abuja kuja kutazama nyumba za kununua. Kigari kilikuwa cha betri, hakina mlango wala kioo, na kilikwenda polepole kiasi cha mbuzi kukipita, ila mbuzi hawakuruhusiwa tena kuingia Mji wa Upeo.

"Karibuni," alisema. "Kushoto ni chemchemi, huwaka taa usiku. Kulia ni shule, itafunguliwa karibuni. Kule mbele ni mwamba wa Nyalo. Jumapili mnaweza kuupanda na watoto, njia imewekewa ngazi na vyuma vya kushikilia."

Hakusema kwamba juu ya mwamba ule ukoo wake ulikuwa ukichinja kuku mweupe kabla ya kupanda mtama. Hakuna aliyeuliza. Asabe alikuwa na stashahada ya utalii, na chuoni walifundishwa kwamba mgeni haongezewi asichouliza. Kabla ya mji, hapa palikuwa Zhibakwo, kijiji cha Wagbagyi. Asabe mwenyewe alizaliwa pale ambapo sasa pana mashine ya kutolea pesa.

Nyumba ya maonyesho ilikuwa Mtaa wa Saba. Aliwapitisha sebuleni, akawaonyesha vyumba vya chini, akafungua mlango wa jikoni. Mama yake, Talatu, aliyefariki kijiji kikiwa bado kijiji, alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anapepeta mtama kwenye ungo.

"Jiko ni la kisasa," Asabe alisema. "Kabati zinajifunga zenyewe. Huyu ni mama yangu. Dirisha linatazama mashariki."

Wageni wakamsalimia Talatu. Mmoja akauliza kama jiko linatumia gesi au umeme.

Wafu wa Zhibakwo walianza kurudi barabara zilipotiwa lami. Zamani mtu alizikwa uani kwake, au chini ya sakafu ya chumba alicholala, na mchoraji wa ramani ya mji, aliyeishi mbali, alipiga mistari yake kana kwamba chini hapakuwa na kitu. Gimba mhunzi alikaa ukingoni mwa bwawa la kuogelea, miguu majini. Katikati ya uwanja wa tenisi bibi mmoja aliuza maharage ambayo hayakuwepo. Mwanzoni walinzi waliwasindikiza kwa adabu hadi getini, lakini mlinzi akigeuka anawakuta wamesharudi walipokuwa. Walinzi wakachoka. Kisha Osaze, mkuu wa mauzo, akagundua kwamba nyumba zenye wafu zinanunuliwa haraka. Zilikuwa na ubaridi hata msimu wa joto, na wezi hawakuzigusa. Kwenye kijitabu cha wageni akaziita "nyumba zenye mwenyeji," akazipandisha bei.

Wageni walipopanda juu kupima vyumba kwa macho, Asabe alichuchumaa.

"Umelalaje, mama?"

"Kwenye vigae mtu analalaje? Baridi kama tumbo la chura. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ameota meno mawili."

"Ya juu?"

"Ya chini."

"Afadhali. Mlete basi nimwone."

"Watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi kupita getini."

"Basi nipeleke mimi. Nimekwambia mara ngapi? Chota kibuyu kimoja cha udongo wa pale nilipolazwa, kiweke begani, nitakufuata. Lakini begani, Asabe! Usije ukanibeba kichwani kama wanawake wa sokoni."

"Mimi ni mtoto wa nani hata nikubebe kichwani?" Asabe alijibu. Kwao mzigo ni wa bega. Hata ndoo ya maji, hata kuni, hata mama.

Udongo ulikuwa chini ya kigae kilicho mbele ya sinki. Na kwake hapakuwa mbali: ng'ambo ya barabara kuu, kwenye nyumba za bati walikohamishiwa watu wa Zhibakwo. Mama angefika kabla ya mtoto kuamka.

Alimkuta Osaze ofisini anakula ndizi za kukaanga.

"Bosi, naomba ruhusa ning'oe kigae kimoja Mtaa wa Saba. Nimchukue mama."

"Asabe, dada yangu, kaa. Chukua ndizi." Akamsogezea sahani. "Ukimtoa mama, pale nitauza nini? Kabati?"

"Si mnaye Gimba bwawani?"

"Gimba hana mvuto. Kutwa analalamikia nyundo yake. Mama yako ni msafi, mtulivu, anapepeta vizuri. Mwombe atakayenunua. Nyumba ikishakuwa yake, mtaelewana."

Aliyenunua alikuwa Bi Tokunbo, mwenye maduka ya dawa mjini Abuja. Alikuja na mumewe, ambaye alizunguka nyumba nzima akiongea na simu. Bi Tokunbo alisimama jikoni, mikono kiunoni, akamtazama Talatu kama mtu anayetazama friji.

"Anakula?"

"Hapana, madamu."

"Anapiga kelele?"

"Anaimba kidogo, akifika kwenye makapi."

"Anapanda juu?"

"Chumba chake kiliishia hapa. Hapiti mlango."

"Safi."

"Madamu," Asabe alisema, "ni mama yangu mzazi. Naomba kigae kimoja tu, nichote udongo kidogo niende naye. Kigae nitakirudisha."

Bi Tokunbo aliinama, akapitisha kidole kwenye kigae, akakisugua.

"Ukivunja kimoja hiki, cha rangi hii hutakipata tena. Utaniachia kiraka jikoni. Na halafu, dada, nikwambie ukweli, nimempenda. Mama mkwe wangu yuko hai na hajawahi kukaa kimya hivi hata dakika moja."

Mumewe akacheka bila kuiondoa simu sikioni.

Siku moja kabla ya Bi Tokunbo kukabidhiwa funguo, saa ya chakula cha mchana, Asabe aliingia na kibuyu, patasi na nyundo. Talatu alimwelekeza.

"Anzia pembeni. Pembeni, mtoto wewe! Hivyo ndivyo nilivyokufundisha kuchimba viazi?"

Kigae kilipasuka vipande viwili. Chini yake palikuwa na saruji, na chini ya saruji kokoto, na chini ya kokoto udongo mwekundu wenye unyevu. Asabe alichota kwa mkono. Talatu akaegemeza ungo ukutani, akasimama, akajifunga kitambaa cha kichwa, kile cha safari. Kibuyu kilikuwa kimejaa nusu wakati Bala, mlinzi, aliposimama mlangoni. Baba yake Bala alikuwa anakaa juu ya paa la shule na hashuki.

"Dada, acha. Wameona kwenye kamera."

"Nimeshafika kwenye udongo, Bala."

"Wameona hilo pia."

Osaze alikuja na fundi. Hakugomba. Alitazama shimo, akamtazama Talatu aliyekuwa amesimama tayari, akatazama saa yake.

"Asabe, wageni wanakusubiri getini. Ukitaka kuendelea, endelea, lakini kofia ya kampuni niachie hapa. Wapo wengi wenye stashahada."

Asabe aliwaza unga, akawaza maziwa ya mtoto, akamwaza mume aliyekuwa hana kazi tangu mashamba yachukuliwe. Haikumchukua muda mrefu. Akamimina udongo shimoni. Talatu akafungua kitambaa, akaketi, akauchukua ungo.

"Nenda," alisema. "Usiwaweke watu juani."

Fundi aliweka kigae kingine, cheupe kuliko vingine. Bi Tokunbo aliambiwa ndio mtindo.

Msimu wa mvua ukapita. Kigari hakikusimama tena kwenye nyumba ile, kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe, kilipita mbele tu. Asubuhi moja Bi Tokunbo alitoka na kanga ya nyumbani akakisimamisha.

"Afadhali nimekuona. Mimi lugha yake siijui. Mwambie mama yako, nikiwa na wageni asikae katikati ya jiko. Watu wanamruka ruka na sahani. Akae nyuma ya mlango."

Asabe alishuka, akaenda dirishani.

"Mama, anasema ukae nyuma ya mlango akiwa na wageni."

Talatu hakuacha kupepeta.

"Leo ana wageni?"

"Nadhani."

"Haya. Mtoto anatambaa?"

"Anatembea, mama. Mwezi wa pili sasa."

Talatu akauinua ungo, akajivuta taratibu hadi nyuma ya mlango, na kutoka dirishani hakuonekana tena.

Asabe alirudi kwenye usukani wa kigari, akawaomba radhi wageni kwa kuwachelewesha. Walipofika mwisho wa mtaa, mgeni mmoja, kijana mwenye kamera, alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara kuu.

"Na yale mabati yanayong'aa kule, ni nini?"

"Ni nje ya mji," Asabe alisema. "Hapana cha kutazama."

Akakata kona kushoto, kuelekea uwanja wa tenisi.