Nyanya Ndogo Mbele ya Ukuta

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa saba, agronomu, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya mgodi, aliwagawia wanawake wa bondeni trei za miche mbele ya ofisi ya shefu wa mtaa. Jina lake Antoine, kijana nadhifu, fulana yake ya rangi ya chungwa inang'aa na kalamu tatu zimepangwa mfukoni. Kila trei ilichomekwa kikadi chenye picha ya nyanya moja kubwa kama ngumi ya mchimbaji.

"Bamama, hii ni varyete, mbegu ya kisasa," alisema. "Tomati moja tu, unapika sosi ya nyumba muzima."

Wanawake walipiga makofi, kwa sababu mpiga picha alikuwepo. Wivine hakupiga. Aling'oa kikadi, akakisogeza karibu na pua, akasoma maandishi ya nyuma mpaka mwisho, kisha akamrudishia Antoine trei yake.

"Siku makumi munane," alisema. "Na joto ya mwezi wa tisa itaangusha maua yote. Hii ni tomati ya baridi. Beba tu."

Antoine akaandika jina la Wivine kwenye daftari.

Alichosema Wivine hakikuwa siri. Kila aliyelima Kolwezi anajua kwamba jua la mwezi wa tisa likishapanda, ua la nyanya kubwa hukauka kwenye kikonyo chake na kudondoka kabla halijafunga tunda. Nyanya ndogo, zile za ukubwa wa kidole gumba, hazijali. Zinafunga vishada joto likiwa kali, na siku ya hamsini na tano tangu kuhamishwa kitaluni tayari ni nyekundu. Lakini sokoni watu wanazicheka, wanaziita nyanya za kuchezea watoto, na mwanamke anayezilima anaonekana hana akili au hana bahati.

Wivine alikuwa na sababu nyingine ya kuhesabu siku. Ukuta wa kampuni ulikuwa unatembea. Kila saa sita mchana, jua likiwa utosini, ulisogea hatua mbili kuelekea bondeni kwa mlio wa kabati linaloburutwa sakafuni, kisha ukatulia mpaka kesho yake. Ulikuwa ukuta wa kawaida wa saruji, kimo cha watu wawili, na seng'enge juu. Tangu Pasaka ulikuwa umekwisha kumeza uwanja wa mpira, kisima cha shule na migomba yote ya upande wa juu. Shefu aliandika barua. Wakaja wahandisi wawili saa nne asubuhi, wakapima, wakaacha karatasi yenye muhuri isemayo kwamba ukuta uko mahali pake. Saa nne ile, ulikuwa mahali pake kweli.

Asubuhi ya kuhamisha miche yake, Wivine aliupima umbali kwa miguu yake mwenyewe. Kutoka ukutani mpaka tuta lake palikuwa na hatua mia moja na kumi na sita, yaani siku hamsini na nane. Nyanya ndogo zingeuwahi ukuta kwa siku tatu. Nyanya za Antoine zisingeuwahi hata kwa maombi.

Mbegu yake ilitoka Sandoa, kwa mama yake, ambaye kila mwaka alikamua nyanya mbili bora kwenye ukurasa wa daftari na kuuanika. Mama alikufa, Wivine akaendelea. Mwaka ule panya walikuwa wametafuna nusu ya ukurasa, kwa hiyo ile nusu iliyobaki aliiatika yote. Asipopata nyanya mbili za mbegu msimu huu, ndiyo basi. Hakukuwa na mtu mwingine duniani mwenye mbegu ile, na kama yuko, Wivine hamjui.

Tuta la jirani, upande wa ukutani, lilikuwa la Josée. Wanawake hawa wawili hawakusalimiana tangu kiangazi cha mwaka juzi, walipogombania mfereji wa maji mpaka wakararuana vitenge. Siku ya kupanda, Josée alikuja na trei yake ya kampuni kichwani, akasimama.

"Mama Wivine, ile tomati yako ndogo vile utamulisha nani? Ndege?"

"Ukuta itafika kwako, zako hazijaiva bado," alisema Wivine bila kuinua kichwa.

"Labda itasimama."

"Ilisimamaka siku gani?"

Mwezi wa tisa uliingia na joto lake. Maua ya Josée yalidondoka yote kwa wiki moja, yakalala chini kama maganda ya karanga. Josée alitangaza mtaani kwamba ni jicho la Wivine, maana haiwezekani kitu cha kisasa kife hivihivi. Siku ya arobaini na nane, Ijumaa, ukuta ulipita juu ya tuta lake saa sita kamili. Yeye alichukua jembe lake, akarudi nyuma hatua mbili, akaendelea kutukana.

Kwa Wivine mambo yalikwenda jinsi alivyohesabu. Siku ya hamsini na tano mistari yote minne ilikuwa myekundu. Alikusudia kuchuma pole pole, asubuhi, kwa sababu nyanya ndogo zikichumwa juani zinalegea kabla hujafika sokoni. Siku ya hamsini na nane alichuma mstari wa mbele wote, akajaza beseni la kuuza sokoni jioni ile, maana zile bora za mbegu alikuwa ameziacha mistari ya nyuma, akarudi kando kuungoja ukuta uchukue chake. Saa sita ulisogea. Ukapita juu ya mstari uliochumwa, ukafika mbele ya mstari wa pili, wenye nyanya mbivu, ukasimama hapo kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Haukumaliza hata hatua zake mbili. Kesho yake haukusogea. Keshokutwa haukusogea.

Mtaa mzima ukaelewa bila kuambiwa. Ukuta hauvuki nyanya mbivu iliyo mtini.

Nyumba ya kwanza nyuma ya tuta ilikuwa ya Kalombo, mstaafu wa mgodini, umbali wa hatua thelathini. Nyuma yake zilifuata nyumba nyingine arobaini. Kalombo alifunga tai, akaita mkutano, na kabla ya jua kutua palikuwa na komite, palikuwa na zamu za ulinzi, na tuta la Wivine lilikuwa limezungushiwa kamba ya nailoni. Lango la kamba alipewa Josée alilinde, kwa kuwa hakuwa tena na tuta la kumshughulisha.

Asubuhi Wivine alifika na kopo lake la kumwagilia. Walimruhusu kumwagilia. Alipoinyoosha mikono yake kwenye kishada, Kalombo alikohoa.

"Mama, hapana kuchuma."

"Tata Kalombo, mi nataka mbili tu. Za mbegu. Zingine zote mubaki nazo."

"Leo mbili, kesho kumi. Hizi tomati sasa ni za kartie, za mtaa muzima."

"Nani alizipanda?"

"We ulizipanda. Sisi tunazilinda."

Wivine alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Aliwaeleza kwamba mti haudumu milele, kwamba bila mbegu hakuna msimu mwingine, kwamba vishada vilikuwa na mamia na mbili zisingeonekana hata zimepungua. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha Josée akasema yale yaliyokuwa moyoni mwa kila mtu: Wivine alipanga chumba ng'ambo ya barabara, hakuwa na nyumba upande huu, kwa hiyo ukuta ukija yeye hapotezi kitu.

Wiki ya pili Antoine alimtembelea Wivine chumbani. Alikaa kwenye kigoda, akapangusa jasho, akasema kampuni ingependa kununua nyanya zote, mbivu na mbichi, leo hii, kwa bei atakayotaja yeye mwenyewe.

"Itanisaidia nini ile bei?" aliuliza Wivine. "Ukuta yenu inatembea."

"Mama, ukuta iko mahali pake. Kuko papier, iko na muhuri."

Wivine alichukua beseni la maji ya vyombo, akayamwaga yote kwenye viatu vya kijana yule. Antoine aliaga kwa heshima, akaondoka akilowesha vumbi la barabara. Majirani waliona tu aingiavyo na atokavyo. Haikupita saa moja, mtaa ukawa umekwisha kupokea habari kwamba Wivine amemwosha miguu mtu wa kampuni.

Tangu siku ile kamba ilifungwa kwake. Hakuruhusiwa hata kumwagilia. Alisimama nje kila alfajiri na kopo lake mkononi, na Josée alisimama ndani na fimbo. Mara moja Wivine alijaribu kupita kwa nguvu. Walimsukuma akaanguka, kopo likabonyea, na mwanamke mmoja aliyewahi kula ugali nyumbani kwake akamwambia aone haya.

Sasa, komite ilijua kulinda, haikujua kulima. Nyanya ndogo kwenye joto zinataka kopo moja la maji shinani kila alfajiri, zisikose na zisizidishiwe. Siku tisa hakuna aliyekumbuka kumwagilia, kila zamu ikidhani ni kazi ya zamu nyingine. Siku ya kumi majani yalijikunja kama sigara. Kalombo alipoona hivyo aliingiwa na hofu ya kweli, akapita nyumba kwa nyumba akiagiza kila familia ilete bidoni moja ya maji. Walileta arobaini na moja. Watu waliokuwa wakioga kwa kikombe kiangazi kile walibeba lita ishirini kichwani, wakashuka bondeni wakiimba.

Wivine aliwaona kutoka barabarani, akaja mbio.

"Musimwange yote!" alipiga kelele. "Zitapasuka! Kidogo kidogo! Tata Kalombo, naomba, kidogo kidogo!"

Josée alimwekea fimbo kifuani.

"Unataka zikufe na kiu, njo vile?"

"Nazijua! Ni zangu!"

"Njo maana tunakuchunga."

Walimwaga zote. Udongo mkavu uliyanywa maji kwa sauti, mizizi ikanywa, na watu wakarudi nyumbani mikono mitupu na mioyo imetulia. Kufikia asubuhi ngozi za nyanya zilikuwa zimezidiwa. Zilipasuka kishada baada ya kishada, mlio mdogo kama wa kunguni anayefinywa, utomvu ukachuruzika na nzi wakaja. Nyingine ziliachia vikonyo zikaanguka. Watu walijaa kwenye kamba wakihesabu zilizobaki nzima. Saa tatu zilikuwa ishirini, saa tano zilikuwa nne, na kabla ya saa sita haikubaki hata moja. Wakaanza kulaumiana: nani alileta bidoni mbili, nani alimwaga karibu na shina, nani alikuwa wa kwanza kusikia neno "zitapasuka" kutoka kinywani mwa Wivine. Lile la mwisho likawapendeza wote. Yeye ndiye aliyelitamka.

Saa sita ukuta ulisogea. Zilizopasuka haukuzihesabu. Ulipita juu ya mstari wa pili na wa tatu, na katika mkanganyiko ule Wivine aliiruka kamba, akapiga magoti chini ya ukuta, akaokota nyanya mbili kutoka mstari wa nne. Zilikuwa zimepasuka ubavuni, lakini mbegu zilikuwemo, za manjano, zimejaa. Alizifunika kwa viganja. Ndiyo hizo mbili tu alizoomba tangu mwanzo.

Kalombo alisimama mbele yake, tai imempinda shingoni.

"Leta, mama. Hiyo mbegu ni ya kartie. Tutapanda tena."

Wivine alimtazama, akawatazama wengine, nyuso alizozijua miaka tisa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kutoka hapa mpaka ku mulango yako, hatua ngapi?"

"Makumi tatu."

"Siku kumi na tano. Hii tomati inaombaka siku makumi tano na tano, na kwanza miche inakaa kitaluni mwezi. Na hakuna ingine yenye kuwahi kuliko hii. Mukahesabu benyewe."

Walihesabu. Wengine kwa vidole, wengine kwa midomo. Hakuna aliyepata jibu tofauti, na hakuna hata mmoja aliyegeuza uso kuutazama ukuta.

"Leta hata vile," alisema Kalombo, akanyoosha mkono. Josée naye akasogea na fimbo yake, na nyuma yao wengine wakakaza duara.

Wivine alitia nyanya ya kwanza mdomoni, akatafuna. Akatia ya pili. Alikuwa hajaonja hata moja msimu wote, na zilikuwa tamu, tamu ya zile za Sandoa, zikiwa bado na joto la jua. Alimeza na maganda na mbegu, mpaka ya mwisho. Hakulia, asije akawapa na kilio. Hivyo ndivyo mbegu ya mama yake ilivyokwisha, saa sita na dakika kumi, mbele ya mashahidi.

Siku ya kumi na tano Kalombo aliutoa mlango wake kwenye bawaba, akauegemeza ubavuni mwa mkokoteni. Kampuni ilimpa kila mwenye nyumba trei moja ya miche ya nyanya kubwa, na mpiga picha alikuwepo. Watu walitawanyika, wengine Nzilo, wengine Kasaji, wengine hawajulikani waliko. Ukimkuta mmoja wao sokoni ukamwuliza ni nani aliyemtoa nyumbani kwake, hatautaja ukuta. Atatema mate pembeni, kisha atakuambia kulikuwa na mama mmoja, roho mbaya, aliyekula nyanya mbili mbele ya watu.