Vichwa vya Kompaila ya Zamani

Tangu kompyuta ya baba ilipokufa, ukimya wa nyumba hii unaniudhi. Kiharusi kilimnyima ulimi, kaka yangu mkubwa akamwandikia programu kwa lugha ya C: baba anabonyeza kitufe, kompyuta inasema "maji", "njoo", "asante" na maneno mengine ya kila siku. Sasa nina kompyuta mpya na kompaila nyingine, yaani kitafsiri cha maandishi ya C kwa kompyuta, ya kuijenga upya programu hiyo, na baba ananitazama kutoka kitandani.

Makosa yakajaa skrini. Nikirekebisha moja, yanazaliwa kumi. Yote yalianzia kwenye stdio.h, faili ya kichwa inayoieleza kompaila kazi zilizokwisha kutayarishwa. Kila kompaila huja na vichwa vyake, sasa inagombana vipi na vya kwake mwenyewe? Kumbe kikulacho ki nguoni mwako: kaka alinakili vichwa vyote vya kompaila ya zamani ndani ya folda ya programu, akaagiza visomwe kwanza.

Nikampigia, simu nikaiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Kaka, hivi vichwa ulivibeba vya nini?"

"Ili msipate shida, mdogo wangu. Ni vya kawaida hivyo. stdio.h ni stdio.h popote."

"Jina moja, ndani tofauti! Kifuniko cha sufuria ya jirani kitanifaa nini? Navifuta."

"Usiguse! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu! Baba ananyoosha kidole, sisi tunabahatisha kama ni maji au choo. Unajua anavyoona aibu?"

"Unanifokea mimi?"

"Ndiyo, wewe!"

Akaanza kunisomea makosa yangu tangu utotoni. Nami huku nikafuta vichwa vyake na lile agizo lake, nikajenga upya. Hakuna kosa hata moja. Nikamwekea baba kompyuta mapajani, bado najibizana na simu.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hata kuwasha kompyuta," kaka alikuwa akisema, "na leo..."

Kidole cha baba kikapita "maji", kikapita "asante".

"Nyamazeni," ikasema kompyuta.

Tukanyamaza. Nilikuwa nalia, wala sikujificha.

"Shikamoo, baba," kaka akasema polepole.

Kidole kikatafuta kitufe. Hakuna aliyemharakisha.

"Marahaba."