Betri za Zahanati

Mtoto alikuwa na miezi saba, kifua kimembana, na mashine ya oksijeni ilizima saa nane mchana. Ilitoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza.

Umeme wa mtaani ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hilo halikututisha, maana paa letu lilikuwa na paneli ishirini za sola, zilizozinduliwa miezi mitano nyuma kwa utepe, hotuba na picha. Mimi, muuguzi mkuu wa zahanati ile, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Fundi aliyezifunga alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Niliwatambia wenzangu: "Yule mnayemwona juu ya paa ni wa tumbo moja na mimi."

Sasa wingu limetanda kidogo tu, mashine imekufa.

Nilichukua puto la kusukumia hewa kwa mkono, nikamfunika mtoto pua na mdomo, nikaanza kubonyeza.

"Nesi, itarudi?" mama yake aliuliza.

"Itarudi," nikamwongopea.

Tulibonyeza kwa zamu, mimi na muuguzi wa chanjo, dakika hamsini nzima, mpaka gari la wagonjwa kutoka hospitali kubwa likafika na mtungi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Mtoto aliondoka akiwa hai. Mama yake hakuniaga, na simlaumu.

Nikachukua ufunguo wa chumba cha betri.

Zilikuwa nane kwenye rafu, mbili zimevimba ubavuni. Lebo zake zilikuwa mpya, zinang'aa. Nikapitisha ukucha kwenye pembe ya moja, ikabanduka kirahisi. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine iliyofifia, na mwaka uliochapwa pale ulikuwa wa miaka tisa iliyopita. Nikabandua ya pili. Ya tatu. Zote vikongwe waliopakwa wanja.

Sikuvua sare. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wangu, na watu walionisalimia njiani nadhani mpaka leo wanasema ninaringa.

Wifi yangu alikuwa kibarazani, anauza maji baridi kutoka kwenye friji. Mtaa mzima hauna umeme, kwake feni inazunguka.

"Karibu wifi! Mbona mbio hivyo? Kaa upoe."

"Mumeo yuko wapi?"

"Ndani, kajipumzisha."

Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Nyuma ya kochi, chini ya kitambaa kilichodariziwa maua, kulikuwa na betri nne. Nikakivuta kile kitambaa. Lebo ni zilezile. Nikazikwaruza kwa ukucha. Hazikubanduka.

"Dada, shikamoo," akasema, akiketi.

"Iweke shikamoo yako. Hizi umezitoa wapi?"

"Nilipewa na mkandarasi. Kama shukrani."

"Shukrani ya nini?"

Akajikuna shingo. "Dada, mimi fundi tu, natumwa. Bosi akisema funga hizi, nafunga. Nikikataa, kesho anamleta mwingine."

"Ulijua ni mbovu?"

"Nilijua zimechoka."

"Zimechoka!" Nilipaza sauti ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi miaka yote. "Anayechoka ni mtu! Leo nimeshika roho ya mtoto wa watu kwa vidole hivi, dakika hamsini, na wewe umelala hapa unapepewa kwa pumzi yake!"

Wifi alisimama mlangoni. "Wifi, polepole, majirani watasikia."

"Wasikie."

"Dada, tuyamalize kifamilia," mdogo wangu akasema.

"Na yule mtoto ni wa familia gani?"

Nikamwambia azifungue. Akabaki ananitazama kama ng'ombe aliyefika mbele ya daraja. "Zifungue wewe," nikasema, "au nizifungue mimi nisiyejua, nipigwe shoti, kesho unizike."

Akachukua spana. Feni ikasimama. Friji ikatetemeka, ikatulia, na wifi yangu akaanza kulia. Tulikodi mkokoteni. Alisukuma yeye, mimi nilitembea pembeni bila kumwambia neno.

Alipomaliza kuziunga pale zahanati, alisema kwa sauti ndogo, "Nne hazitoshi."

"Zinatosha nini?"

"Mashine moja na friji ya chanjo. Taa hapana."

"Basi taa hapana."

Siku tatu baadaye kamati ya zahanati ilikaa. Mkandarasi alikuja na tabasamu pana, akasema betri huuawa na joto, ni hali ya hewa, tumwachie Mungu. Nikamwaga zile lebo mezani. Tabasamu likamganda. Kisha mdogo wangu akasimama, akasema yote: betri zilikookotwa, nani alichapa lebo, nani alizibandika. Mwenyekiti akamuuliza kama ni zahanati yetu peke yake.

"Hapana," akasema. "Ni sita."

Mimi nilidhani nimeshafika mwisho wa hasira. Kumbe nilikuwa mlangoni tu. Niliinuka, nikatoka nje, nikashika ukuta kwa mikono miwili mpaka nikapata pumzi.

Polisi walimchukua mkandarasi, na baada ya siku nne nilimwona mtaani akipiga soga. Kesi, wanasema, inaendelea. Mdogo wangu hapati kazi kwa mtu yeyote. Mama yetu alinipigia simu: "Umemwanika mwanangu juani." Nikamwambia, "Mama, hata mimi ni mwanao." Akakata.

Kila Jumamosi mimi na mdogo wangu tunakwenda zahanati moja katika zile nyingine tano. Yeye anapima betri, mimi naandika, kamati yao inasaini, barua inakwenda wizarani. Hatuongei ila ya kazi. Tumemaliza tatu. Ya nne iko juu mlimani, na nimeambiwa haijawahi kuwa na gari la wagonjwa.