Mdakaji wa Mlangoni

Katika mkahawa wa Orie Hamasaki, kusini mwa Osaka, kaunta ya mbao iliyozunguka bamba la kukaangia ilikuwa na utepe mweupe uliobandikwa katikati. Kushoto walikaa mashabiki wa Ligi ya Kati ya besiboli, kulia wa ile nyingine, Ligi ya Pasifiki, na mgeni akiingia aliulizwa ni wa wapi kabla ya kuulizwa anakula nini. Utepe huo waliuleta wateja wenyewe, msimu ule walipokaribia kupigana kwa miko ya chuma wakibishania ligi ipi ina nguvu zaidi. Orie aliuacha kwa sababu watu wanaobishana hula sana. Besiboli yenyewe hakuwahi kuielewa vizuri, ingawa ndiyo iliyomwoa.

Jioni moja ya Juni, wiki zile ambazo timu za ligi hizo mbili hukutana, mumewe Shigeki alirudi. Alikuwa ameondoka yapata miaka ishirini nyuma. Alisukuma mlango, akachuchumaa kizingitini kama wadakaji wanavyochuchumaa, akainua glavu mbele ya kifua. Jezi yake ilikuwa ya Korongo, magoti yana vumbi la uwanjani, na hakuwa amezeeka hata siku moja. Orie, ambaye sasa alimzidi mumewe umri, alikuwa ameshika mwiko chini ya okonomiyaki, chapati nene ya kabichi na nguruwe. Akaigeuza kwanza, akaipaka sosi, ndipo akamwambia kwamba amechelewa.

"Nimegawiwa wapi?" Shigeki akauliza. "Wamekuambia?"

Hakuna aliyemwambia Orie lolote. Korongo walikuwa timu ya Ligi ya Pasifiki, mali ya kampuni ya reli, na Shigeki alikuwa mdakaji wao wa mazoezi. Kazi yake ilikuwa kupokea mipira ya warushaji kabla hawajaingia uwanjani, na mechi yenyewe hakucheza hata moja. Kampuni ilipoichoka timu iliiunganisha na nyingine, wachezaji wakagawanywa, hawa huku na wale kule, majina yakasomwa kwenye televisheni. La Shigeki halikusomwa. Asubuhi yake alichukua mwavuli akaenda kuuliza, na huko kuuliza ndiko alikokuwa mpaka leo.

"Ingia ukae," Orie akamwambia.

Shigeki akautazama utepe. "Upande gani?"

Orie akautazama naye, kushoto na kulia. Kutoweza kumwonyesha kiti kulimuuma kuliko miaka yote aliyolala peke yake.

Basi Shigeki akabaki kizingitini, siku hiyo na siku zilizofuata, na wateja wakazoea kumruka. Mzee Kuge, kinyozi mstaafu na mtu wa Kati tangu tumboni, alilalamikia upepo tu, kwa kuwa mlango haukufungika tena. Mzee Nozoe alimwamkia kwa heshima kila jioni. Huyu alikuwa kondakta wa reli ileile na shabiki wa Korongo, na tangu wafutwe alikuwa ameihamia Ligi ya Pasifiki nzima, kama mjane anayelea ukoo wote wa marehemu. Wakishakaa, kila mwamba ngoma akaivutia kwake.

"Ligi yenu watu walikuwa wanaenda uwanjani kupika tambi," Kuge alisema. "Viti vitupu, mtu akipiga chafya ng'ambo unamjibu."

Glavu ya Shigeki ikalia mlangoni. Kuge akanyoosha mgongo. Hoja ile alikuwa ameitoa tangu ujana wake, lakini sasa aliisikia kama mpya kutoka kiwandani.

"Na mrushaji wenu akipewa gongo la kupigia mpira anapepea kama bibi anafukuza inzi," Nozoe akajibu. "Sie wetu anarusha tu, tuna mtu wa kupiga badala yake. Halafu tukikutana, nani analia?"

Glavu ikalia tena, na Nozoe naye akajiona mtu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Shigeki. Alijua kuupokea mpira kwa kiganja chenyewe, ngozi ikapasuka mlio, na mrushaji akiusikia mlio huo huamini ana mkono wa chuma, hata kama jana yake alipigwa kama ngoma. Sasa hapakuwa na mipira, akawa anapokea kilichokuwapo. Kila hoja iliyorushwa aliidaka vizuri, ya Kati na ya Pasifiki, bila upendeleo.

Matokeo yake hakuna aliyeshindwa. Kuge aliondoka akiwa na hakika, kisha njiani akakumbuka kwamba hoja ya Nozoe nayo haikuwa na jibu, akasimama kwenye taa za barabarani zikawa kijani, zikawa nyekundu, yeye yupo tu. Nozoe alipitiliza kituo chake, yeye kondakta. Jioni moja Orie aliweka upande wa kushoto tangawizi ya achari anayoipenda Kuge, ikarudishwa. Kumbe aliyekaa kushoto akiisifu Ligi ya Kati ni Nozoe, na Kuge yuko kulia, macho yamemtoka, anawatetea Korongo. Hakuna aliyejua walibadilishana lini. Walihamisha sahani zao na kuendelea, kila mmoja akiwa na mashaka kidogo kama amerudi panapostahili.

Orie naye kichwa kilimzunguka. Kila jioni alimpelekea mumewe sahani pale chini, na kila jioni Shigeki alishukuru, hakula, akauliza amegawiwa wapi. Mwishowe akapiga bamba kwa mwiko.

"Nyamazeni. Ninyi mnajua mambo haya, mimi sijui. Niambieni mume wangu ni wa upande gani akae."

Nozoe akaiweka chini bia yake. "Korongo ni wetu, Mama, hilo halina ubishi. Lakini nguvu ya ligi unahesabu waliocheza. Yeye hakucheza."

"Kwetu ndiyo kabisa hayupo," Kuge akasema. "Hapo namuunga mkono mzee mwenzangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana. Glavu ikalia mara mbili, safi, na wazee wale wakatazamana kwa fahari, kila mmoja akiona wamesema jambo la busara kubwa. Orie alitamani kuwamwagia sosi.

Kesho yake mchana, katikati ya kukata kabichi, aliweka kisu chini akaubandua utepe kwa ncha ya mwiko. "Haya, pande hakuna tena. Ingia."

Shigeki akaiangalia kaunta. Pale utepe ulipokuwa, mbao haikuwahi kushika moshi, ikabaki mstari mweupe kuliko utepe wenyewe. "Upande gani?" akauliza.

Orie akazunguka kaunta, akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. Neno lile alikuwa amelifungia miaka yote, akiogopa kwamba siku akilisema Shigeki hatarudi.

"Hukugawiwa, Shigeki. Wala hawakukusahau. Hawakukuhesabu kabisa. Hakuna anayekusubiri popote ila mimi."

Glavu ikalia kuliko siku zote, chupa zikagongana rafuni. Orie alilihisi neno lake, zito, limenyooka, hakuna wa kulipiga.

"Mpira mzuri," Shigeki akasema, kama alivyokuwa akiwaambia warushaji wote. Akanyoosha mkono kama anayemrudishia mpira, kisha akaiweka glavu tayari. "Mwingine."

Nje, Kuge na Nozoe walikuwa wakija wanabishana, mmoja ameshika utepe mpya, kana kwamba habari za ule wa zamani zimekwisha kuwafikia. Orie akajifuta macho kwa aproni, akamwambia tena, neno kwa neno, na glavu ikalia.